Loleza mpaka Kilele cha Mbeya kwa siku moja: pigeni hesabu ya kushuka kwanza

Swali: Shikamoo. Mimi na rafiki yangu tunaishi Mwanjelwa, Mbeya, wote tuna miaka 26. Tunakimbia mazoezi kila asubuhi na Loleza tumeshaipanda mara moja bila shida. Mwezi wa saba tunataka tuondoke mjini kwa miguu, tupande Loleza, tufuate mgongo wa mlima mpaka Kilele cha Mbeya, halafu turudi njia ileile siku hiyohiyo. Tumeambiwa huko mbele kuna sehemu za kuparamia mawe kwa mikono, na hilo hatujawahi kulifanya. Tujiandae vipi, na tununue kamba ya mita ngapi?

Jibu: Marahaba. Kamba msinunue, sababu nitaieleza. Na ule mpango wa kurudi njia ileile mpaka mjini uacheni. Miguu yenu huenda ikatosha, ila mchana wa Julai hautoshi.

Anzeni na jua. Mbeya iko magharibi ya nchi lakini saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam, kwa hiyo kwetu jua huchelewa kuchomoza na huchelewa kuzama. Mwezi wa saba linachomoza karibu saa 1 kamili asubuhi na kuzama kama saa 12 na dakika 40 jioni. Likishazama mna dakika 20 hivi za kuona mnapokanyaga, kisha giza. Zile ni saa 11 na nusu za mwanga na dakika chache juu yake. Toeni saa 2 za mwisho, ziwe akiba ya mguu kuteguka, ukungu kushuka au njia kupotea. Zinabaki saa 9 na nusu za kutembea, kula na kupumzika.

Sasa pimeni safari yenyewe. Mwaka 1892 Mskoti mmoja mpanda milima, William Naismith, aliweka kanuni ambayo mpaka leo inatumika: saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, na saa 1 nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Loleza ina mita 2,656, hivyo mnapanda kama mita 950, yaani saa 1 na dakika 35. Njia tukiihesabu kilomita 5, ongezeni saa 1. Jumla saa 2 na dakika 35. Kanuni hiyo haihesabu mapumziko wala mawe wala nyasi ndefu, kwa hiyo kwa watu wasiouzoea mlima ongezeni theluthi: saa 3 na nusu mpaka juu ya Loleza.

Kutoka hapo ndipo wengi hudanganyika. Kilele cha Mbeya kinapita mita 2,800, na mtu akitoa hesabu anaona kimebaki kipande kidogo, mita mia moja na hamsini hivi juu ya Loleza. Lakini mgongo wa mlima haupandi moja kwa moja kama ngazi. Unashuka kwenye mabonde madogo kati ya kilele na kilele, na kila mnachoshuka mtakipanda tena. Tuseme mmeshuka mita 200 kwa jumla: kwenda mtapanda mita 350 badala ya 150, na wakati wa kurudi mtazipanda zile 200 mkiwa mmechoka. Hata mkiuwekea mgongo huo saa 3 tu kwenda na saa 3 kurudi, kisha saa 2 na nusu za kuteremka Loleza hadi mjini, mmefika saa 12. Mlikuwa na 9 na nusu.

Ushauri wangu ni huu. Safari ya kwanza iwe ya Kilele cha Mbeya peke yake, mkianzia upande wa mji mdogo wa Mbalizi. Daladala za Mbalizi huanza mapema, na kutoka pale bodaboda atawasogeza mpaka njia ya gari inapoishia. Mnapanda na kushuka njia ileile, mnaijua, na mchana unabaki. Safari ya pili, mkiwa mmeshaona nyasi na mawe ya juu yalivyo, ndipo muunganishe vilele viwili kwa kwenda upande mmoja tu: anzeni Mbalizi, malizieni Loleza na mjini. Mwelekeo huo naupendelea kwa sababu sehemu ngeni mnaipita asubuhi, na jioni mnaikuta njia mliyokwisha kuipanda. Juu ya Loleza kuna minara ya mawasiliano. Msiingie ndani ya uzio, na kama kuna mlinzi msalimieni na kumwambia mnakotoka kabla ya kutoa simu kupiga picha.

Kuna mtego mmoja wa upande huo wa mji. Giza likikukuta juu, taa za Mbeya zinaonekana karibu mno, na akili inakuambia katiza moja kwa moja kuzifuata. Miteremko ile imechanwa na makorongo, na korongo huanza taratibu kama njia nzuri ya kushukia kisha linaishia kwenye ukuta wa mwamba, wakati nyuma yako pameshakuwa pagumu kupanda. Fuateni njia iliyokanyagwa hata ikizunguka.

Sasa saa ya kugeuka. Ipangeni mkiwa nyumbani na muiandike kwenye karatasi. Kwa kupanda na kushuka njia ileile kutoka Mbalizi, mkiondoka saa 1 na nusu asubuhi, saa ya kugeuka iwe saa 7 mchana, mmefika au hamjafika. Kwa safari ya kuunganisha, chagueni mahali ambapo msipokuwa mmepapita saa 6 mchana mnarudi Mbalizi. Kuwa na mwenzako kunasaidia mambo mengi, lakini hapa kunadhuru: kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kusema turudi. Kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba mmoja akisema tugeuke, mnageuka bila mjadala, na sababu ataieleza mkiwa chini.

Tuje kwenye mawe. Safu ya Mbeya ni miamba ya kale sana iliyoinuliwa na Bonde la Ufa. Haifanani na Rungwe, ambao ni mlima wa volkano. Miamba ya namna hii ina matabaka na nyufa, na juani hupasuka vipande bapa. Kipande kinaweza kuwa kikubwa kama meza na bado kisiwe kimeshikwa na kitu. Ukifuata njia ya wenyeji, mikono utaihitaji hatua chache. Ukiiacha kwa sababu mwamba unapendeza au unataka kukatiza, utaihitaji zaidi, na hapo ndipo watu hukwama.

Sheria iliyo juu ya zote: usipande hatua ambayo huwezi kuiteremka. Kupanda ni rahisi kuliko kushuka kwa sababu macho yako karibu na mikono, unakiona unachokishika. Wakati wa kushuka, pa kukanyaga pamefichwa na tumbo na magoti yako mwenyewe. Mtu hupanda hatua nne akijikakamua, ya tano inamshinda, akitazama chini anakuta hata ile ya nne haioni. Basi kila mkifika jiwe linalohitaji mikono, panda hatua mbili, shuka hizo mbili, kisha amua. Ni dakika moja tu.

Kwenye mwamba wenyewe, una viungo vinne: mikono miwili na miguu miwili. Sogeza kimoja, vitatu vimeshika. Anayeanza huvuta kwa mikono na baada ya nusu saa vidole vinatetemeka. Kazi ya kuinua mwili ni ya mapaja. Mikono inakuzuia usianguke kinyumenyume. Kanyaga kwa sehemu ya mbele ya kiatu, kisigino kikishuka kidogo, na simama wima, tumbo likiwa mbali na mwamba. Hofu inamwambia mtu ajilaze na kuukumbatia, lakini ukijilaza soli inabanduka na miguu inateleza. Goti usilitumie kabisa. Mwamba utalichubua, na ukishapiga goti huna namna nzuri ya kusimama tena.

Kabla ya kulitwika jiwe uzito wako, ligonge kwa kiganja. Lililoshikamana halitoi mlio wowote wa maana; lililolegea hulia kama debe tupu au linacheza kidogo. Lenye wasiwasi lisukume kwenda chini, usilivute kuja kwako, maana kulivuta ndiko kunakolitoa mahali pake. Manyasi yaliyoota kwenye ufa si kishikio. Mizizi yake iko kwenye udongo wa sentimita chache, nayo huja mkononi mazima. Kuna pia yale mabaka ya kijivu na ya kijani yanayoota juu ya mawe. Yakiwa makavu yanakwaruza vizuri. Yakipata umande au ukungu yanateleza kama sabuni, na upande wenye kivuli hubaki mabichi mpaka saa 4 au 5 asubuhi. Kwa hiyo hakuna haraka ya kufika kwenye mawe alfajiri.

Wakati wa kushuka, mteremko mdogo shuka ukitazama mbele. Ukizidi, geuka ubavu, mkono mmoja ukishika. Ukizidi tena, geuza uso kwenye mwamba kama unashuka ngazi ya kuegemeza, na hapo mwenzako aliyetangulia akae pembeni akuelekeze: “Mguu wa kushoto, chini kidogo, kulia kidogo, hapo.” Aseme polepole na asiguse mguu wako, maana ukishtuka umeanguka.

Wawili msiwe mmoja chini ya mwingine. Jiwe la ukubwa wa ngumi likiporomoka mita 10 linatosha kuvunja fuvu. Sehemu ya mawe malegevu apite mmoja mpaka amalize na kujificha pembeni, ndipo wa pili aanze. Au mpite pamoja mkikaribiana sana, ili jiwe lisipate nafasi ya kushika kasi kabla ya kumfikia wa chini. Umbali wa katikati, mita 5 mpaka 15, ndio mbaya kuliko yote. Jiwe likikutoka, piga kelele “Jiwe!” hata kama unadhani halitamfikia. Anayesikia asitazame juu. Ajibane kwenye mwamba na ainue begi lifunike kichwa na shingo.

Ndiyo maana nikasema kamba msinunue. Watu wawili waliofungana kamba bila kuifungia kwenye mwamba, na bila kujua kuifungia, hawajaongeza usalama wowote: akianguka mmoja anamvuta wa pili. Kutumia kamba ni ufundi wa kujifunza kwa mtu anayejua, siku kadhaa, kwenye jabali fupi. Fedha hiyo nunueni helmeti mbili. Ya bodaboda ni nzito na inaziba masikio, hamtasikiana. Ya ujenzi yenye mkanda wa kidevuni ni nyepesi na inazuia jiwe dogo. Bila mkanda haifai, itawaacha mkiinama.

Viatu: yeboyebo na raba zenye soli laini iliyolika hapana. Buti za mitumba ni nzuri na pale Mwanjelwa hamtazikosa, ila zichunguzeni. Buti nyingi za mlimani zina sponji katikati ya soli, na sponji hiyo huoza kwa unyevu na umri hata kiatu kikiwa hakijavaliwa. Juu kinang'aa kama kipya, halafu saa 2 baada ya kuanza kutembea soli inabanduka nzima. Bonyeza sponji kwa ukucha wa dole gumba: ikibaki na alama, ikimung'unyika au ukiona nyufa ndogondogo kama za udongo mkavu, kirudishe. Kikunje pia mara kumi kwa nguvu hapo hapo dukani. Ukishanunua, kivae wiki mbili kwenye shughuli zako, na siku ya safari chukua mita 2 za kamba ya viatu au waya mwembamba wa kufungia soli. Kucha za miguu zikate siku mbili kabla, kwa sababu wakati wa kushuka vidole vinagonga mbele kwa saa nzima.

Nguo zisumbue akili zenu kuliko begi. Kila mita 100 za kupanda joto hupungua kama nusu digrii na kidogo zaidi, hivyo Kilele cha Mbeya ni baridi kuliko mjini kwa digrii 6 au 7. Asubuhi ya Julai mnaijua ilivyo hata hapo Mwanjelwa. Ongezeni upepo juu yake. Jinzi na fulana za pamba ziacheni. Pamba ikilowa jasho haikauki, na mkisimama kula inawanyonya joto. Jezi ya mpira wa miguu ndani, sweta la sufi au koti la manyoya juu, koti la kuzuia upepo na mvua nje, mzula na glovu. Anzeni kutembea mkihisi baridi kidogo. Anayeanza na makoti yote analowa jasho dakika 20 za kwanza na siku nzima haikauki.

Mwenzako akianza kujikwaa mahali pasipo na kitu, akigugumia maneno au akinyamaza ghafla, mwambie aguse kidole gumba kwa kidole kidogo cha mkono uleule. Akishindwa, baridi imemwingia. Mwondoeni kwenye upepo, badilisheni nguo ya ndani iliyolowa, mpeni kitu kitamu na mshuke. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, hali imekuwa mbaya zaidi, msifurahi.

Maji lita 3 kila mmoja. Ni kilo 3 begani, na ni haki yake, maana juu ya mgongo wakati wa kiangazi msitegemee chemchemi. Kunywa mafunda machache kila dakika 20. Kama mkipita nusu ya maji kabla ya nusu ya njia, hiyo nayo ni sababu ya kugeuka. Chakula chukueni kile ambacho matumbo yenu yanakijua: viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, chapati, mayai, ndizi mbivu, karanga. Parachichi la Rungwe ni zuri sana mlimani, lina mafuta mengi kwa uzito wake, ila lifungeni ndani ya chombo kigumu. Kuleni kidogo kila saa badala ya kushiba saa 7 na kuanza kushuka mkiwa wazito.

Kuhusu msimu mmechagua vizuri. Mvua zetu huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili, huku Rungwe hata Mei, na radi hupenda mchana baada ya saa 7. Julai radi ni nadra. Shida ni ukungu na upepo. Mkihamisha safari ikaangukia Novemba, hesabuni sekunde kati ya mwanga na mngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita 1. Zikiwa 30 au pungufu, shukeni kutoka mgongoni, kaeni mbali na minara na mti uliosimama peke yake, na mwachane mita 15 au zaidi ili mmoja awe mzima wa kumsaidia mwingine. Agosti mpaka Oktoba tatizo ni moto wa nyasi. Moto hupanda mlima haraka kuliko mtu, kwa hiyo msikimbilie juu. Ingieni kwenye eneo lililokwisha kuungua au kwenye mwamba mtupu.

Ukungu ukishuka, kaeni chini dakika 15 kabla ya kuamua lolote. Mara nyingi hufunguka. Kila mkifika njia panda, geukeni na kupiga picha ya mlikotoka, si mnakokwenda, maana njia ile ile ukiitazama kwa kurudi ina sura nyingine kabisa. Ramani ipakueni kwenye simu usiku wa kabla, simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili kwa sababu baridi hula betri, na moja kati ya simu mbili ibaki imezimwa. Tochi za kichwa mbili, hata kama mnaamini mtarudi saa 9 alasiri.

Kabla ya siku hiyo piteni ofisi ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, muulize vibali, kwani misitu mingi ya milima hii ni hifadhi, na asubuhi mpitie kwa mwenyekiti wa kijiji mnachoanzia. Ombeni mwenyeji wa kuongozana nanyi na mkubaliane malipo kabla ya kuondoka. Mbali na kuijua njia, anawafanya muwe watatu: mmoja akivunjika mguu, mwingine anakaa naye, wa tatu anakwenda kutafuta msaada. Mkiwa wawili mnalazimika kuchagua, na machaguo yote mawili ni mabaya. Ikitokea hivyo, majeruhi aachiwe nguo zote za joto, maji, tochi na filimbi, akae juu ya begi na si kwenye udongo, na mahali alipo muandike namba za ramani (latitudo na longitudo) kabla ya kuondoka. Ujumbe mfupi hupita mahali ambapo sauti haipiti, hivyo tumeni namba hizo kwa maandishi. Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi 112. Filimbi mara 6 ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, tena 6. Ndugu mliyemwachia taarifa nyumbani aandikiwe njia mnayopita, saa ya kurudi, na saa ya kupiga simu kama hamjapatikana. Wekeni saa 2 usiku.

Zimebaki Jumamosi chache kabla ya Julai. Tafuteni jabali lisilozidi kimo chenu, lenye nyasi chini, mvae viatu vilevile na begi lenye uzito uleule. Panda hatua tatu, shuka tatu ukitazama mwamba, mwenzako akielekeza mguu. Mara kumi kila mmoja, kisha badilishaneni. Atakayekuwa bado anaruka hatua ya mwisho badala ya kuishuka, msubiri wiki nyingine.